Mpangaji wa Taisto

Mume wangu Taisto ana vituko. Kipupwe kikikaza, theluji mlangoni kwetu hufika magotini naye hana habari. Yuko Ziwa Saimaa na koleo, anamjengea nyumba sili, yule mnyama wa majini anayepanda barafuni kuzaa. Wenzake huenda huko kuteleza juu ya barafu, au kuitoboa wavue samaki. Yeye anarundika theluji kando ya visiwa. Siku hizi huko ziwani hairundikani ya kutosha, na sili asipopata rundo la kujichimbia azalie humo, mtoto hufa kwa baridi.

Ndiyo shughuli yake tangu alipostaafu kupasua mbao, na sili mwenyewe hajawahi kumwona. Ukishajenga unaondoka, hukaribii tena, usije ukamshtua mama. Basi nami nilimtania weee! Akirudi namwuliza kama mpangaji wake keshahamia. Tukiwa ziwani namwambia, “Mzee, yule pale!” Anageuka mbio, kumbe gogo.

Mwaka jana presha ya macho ikamshika, akawa ananiona kivuli tu. Hata hivyo akajenga, mimi nikimwongoza.

“Nimwone mmoja tu kabla giza halijaingia,” aliniambia.

Mwezi wa Mei, barafu ilipokwisha, nikampakia kwenye mashua nikapiga makasia. Maji yalitulia, misonobari na miamba yote imo ndani kichwa chini. Tulipokuwa tunapita mbali na kisiwa chake, mikono ikanigoma. Juu ya jiwe, palepale alipojenga, amelala sili mwenye alama za pete mgongoni, na ubavuni pake mtoto, ananikodolea macho meusi. Mungu wangu! Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nimeogelea humu tangu utotoni, na siku hiyo nilijiona mgeni niliyepita tu mbele ya wenyewe.

“Mbona umesimama?” Taisto akauliza.

“Sili,” nikanong'ona. “Na mtoto.”

“Acha, mama. Leo magogo yako siyawezi.”

Machozi yakanitoka. Nikaushika mkono wake nikauelekeza kwenye jiwe, na wangu ukawa unatetemeka, siwezi kuuzuia. Taisto akauhisi. Kisha akavua kofia.

“Mtoto amenenepa?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia amenenepa sana.