Mboga Chungu za Pasaka

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeshindwa kipaimara. Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, lakini mzee wa kanisa aliponisimamisha mbele ya watu na kuniuliza, mdomo ulikataa kufunguka. Wenzangu wakavaa nguo nyeupe. Mimi nikarudi darasani kukaa na watoto niliowazidi kimo.

Mwaka wa pili mwinjilisti wetu pale Kawetele akaja na jambo jipya. Alitaka Alhamisi Kuu tule chakula cha Pasaka kama Wayahudi wanavyokula, tuelewe Yesu alikuwa anakula nini na wanafunzi wake jioni ile ya mwisho. Alisema kila chakula mezani pale kina habari yake. Mkate hauna hamira kwa sababu Waisraeli walitoka Misri mbiombio, unga haukupata muda wa kuumuka. Nyama ni ya mwanakondoo aliyechinjwa usiku ule wa kutoka. Mboga chungu ni utumwa wenyewe.

“Na kwa desturi yao,” akasema, “mdogo kuliko wote mezani ndiye anayeuliza maswali, wakubwa wanamjibu. Kwetu atauliza yule anayesema kidogo kuliko wote.”

Darasa zima likanigeukia.

“Maswali matatu,” akaniambia. “La mkate, la mboga na la nyama. Ukiyauliza kwa sauti, huo ndio mtihani wako. Ukinyamaza, tutaonana mwakani.”

Siku hizo maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa tena, na unga wa ngano ulipatikana bila foleni. Nilitumwa kuununua kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani.

“Na hamira, binti?”

“Hapana. Mkate wa Pasaka hautiwi hamira.”

“Mkate bila hamira! Sasa si chapati hiyo? Nyie semeni tu mnapika chapati.”

Mboga alipewa mama yangu. Mnafu umejaa shambani kwetu chini ya migomba, na mnafu ni mchungu wa kutosha. Lakini Alhamisi asubuhi nilimkuta anachemsha, anamwaga maji, anachemsha tena. Kisha akatia maziwa na karanga za kusaga.

“Mama, mwinjilisti amesema ziwe chungu.”

“Mwinjilisti atakula chungu nyumbani kwake. Kanisa zima lije lionje mboga yangu likunje uso? Waseme nimesahau kupika? Lete chumvi.”

Nikaleta.

Tulikaa mezani kanisani saa tisa mchana, kwa sababu mvua za masika kwetu haziachi mtu atembee jioni. Mwanakondoo hakupatikana, asubuhi mama mmoja alikuwa ameleta jogoo. Mwinjilisti akamtazama, akasema jogoo ni habari ya Petro, ila apikwe tu. Divai ilikuwa ya meza ya Bwana peke yake, kwa hiyo vikombe vilijazwa chai. Mkate ulikuwa mgumu hata wazee wakauchovya. Mboga zikapita, kila mtu akachota, na nikaona watu wanarudia.

“Haya, binti,” mwinjilisti akasema. “Swali la mboga kwanza.”

Nilisimama. Swali nilikuwa nimelikariri wiki nzima: kwa nini leo tunakula mboga chungu? Nikamwona mama amekaa na wanawake wenzake, anapokea sifa. Nikaona bakuli limebaki tupu. Swali lile halikutoka. Niliona nitakuwa nasema uongo kanisani, tena mimi ninayesema mara moja kwa mwaka. Mwinjilisti akainamia daftari lake.

“Mbona hizi si chungu?” nikasema.

Kicheko kilichozuka hapo sikukitegemea. Mama akajifunika uso kwa kanga.

“Nani kapika?” mwinjilisti akauliza, ingawa alijua.

“Uliza na nani kamaliza!” mwanamke mmoja akamjibu, na kicheko kikaanza upya.

Ndipo bibi mmoja, mzee kuliko wote mle ndani, akainua mkono. Alisema Kiswahili chake cha polepole chenye Kinyakyusa ndani.

“Mwanangu, nitakujibu mimi. Chungu tulishakula. Ule wakati chumvi haikuwepo dukani, sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo. Tulichemsha mnafu na maji matupu, watoto wakalia, tukawaambia kuleni. Wewe ulikuwa mmoja wao. Mama yako alikuwa akikulisha huku amekushika pua. Ndiyo maana leo anatia maziwa. Ndaga fijo, asante sana, umeuliza vizuri.”

Mama alishusha kanga. Hakuwa anacheka, wala hakuwa na hasira. Mwinjilisti akamtuma kijana nje, naye akarudi na majani mabichi ya mnafu yenye matone ya mvua. Kila mtu akatafuna jani moja. Nyuso zikakunjana, watoto wakatema, wazee wakatafuna hadi mwisho. Mimi nikameza langu. Ladha ile niliijua, ingawa sikukumbuka niliipata lini.

“Swali hilo sikukufundisha mimi,” mwinjilisti akaniambia.

“Hapana, mwalimu.”

“Yamebaki mawili.”

Nikauliza la mkate. Sauti ilitoka ndogo, na wa nyuma wakapiga kelele, “Hatusikii!” Nikaangalia kule nyuma walikokaa wale walioniona nikikwama, niliowaogopa mwaka mzima. Walikuwa bado wanajifuta midomo, macho yamewatoka kwa uchungu wa majani. Nikaliuliza tena, kwa sauti ambayo hata mimi ilinishangaza.