Kamera ya Kisanduku na Chumba cha Bibi

Kamera niliyoitaka ilikaa rafu ya juu kabisa, nyuma ya kioo, katika duka moja la Mhindi pale Lindi. Ilikuwa ya kukunja, yenye ngozi nyeusi inayovutika mbele, na jicho lake uliweza kulipanua au kulibana upendavyo. Enzi zile za Mwingereza nilikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, na mshahara wangu haukuifikia rafu ile hata ningesimama juu ya kaunta.

Nilichotaka kupiga ni ukuta. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kilwa Kivinje, katika nyumba ya mawe na chokaa aliyoijenga babu kwa mikono yake, maana alikuwa mwashi. Chumba cha ndani kilikuwa na ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea sahani na vitabu, na kila kimoja babu alikizungushia nakshi ya maua. Aliyachora kwa ncha ya kisu chokaa ikiwa bado mbichi, siku alizokuwa akimngoja bibi aletwe kwake bi harusi. Sasa babu alikuwa marehemu na ukuta umeinama. Mjomba alishaamua kuibomoa nyumba kabla ya masika, ajenge nyingine ya mabati, yenye madirisha. Bibi hakubishana naye. Alitaka jambo moja tu, picha ya chumba chake, abaki nayo.

Mpiga picha alikuwapo mjini, lakini chumba cha ndani cha mwanamke hakiingiwi na mwanamume wa kando, hata abebe kamera ya dhahabu. Kazi ikaniangukia mimi, mjukuu.

"Unapiga nini?" mwenye duka aliniuliza.

"Ukuta."

"Basi chukua hii. Ukuta hautakukimbia."

Akaniwekea mbele kisanduku cheusi chenye tundu moja na kitufe kimoja. Kando yake palikuwa na kisanduku kingine, ghali kidogo, chenye kiwiko, kipini kidogo cha kuliacha jicho wazi muda utakao, kwa mahali penye giza. Nilikishika, nikakirudisha, nikakishika tena. Nikinunua chenye kiwiko, filamu sipati. Nikinunua cha kitufe, filamu napata na nauli ya lori inabaki. Nilimuuliza mwenye duka kama kweli kiwiko kina kazi.

"Nchi yenye jua kama hili?" akasema.

Nikachukua cha kitufe. Nilitoka dukani nikijiona mjanja, na kila nikiukumbuka ujanja ule naona hasira.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia nilipofika Kivinje.

"Marahaba, mume wangu." Ndivyo alivyonitania tangu utoto wangu. Alikigeuzageuza kisanduku mkononi. "Mume wangu wa kwanza alinijengea chumba. Wewe umeniletea hiki."

Chumba kilikuwa chembamba kama vilivyo vyumba vyote vya nyumba za boriti, kwa kuwa upana wake hauzidi urefu wa mti mmoja wa darini. Dirisha hakikuwa nalo. Nilisimama mgongo umegusa ukuta wa pili, mlango uko wazi kando yangu, nikabonyeza kitufe mpaka filamu ikaisha. Nikaituma Lindi ikasafishwe. Lori likakwama Kitomanga, kisha likakwama tena, na picha ziliporudi zote zilikuwa nyeusi. Katika moja tu ulionekana ukingo wa kidaka, pale mwanga wa mlangoni ulipougusa. Nilikaa barazani nimezishika, na nilitamani kulia. Sikuzichana. Niliziweka kusudi niende nikazitupe mezani kwa yule mwenye duka.

Mjomba ndiye aliyekuja na shauri. Alikuwa mtu wa kupenda kazi iishe.

"Paa si linatoka hata hivyo? Tulitoe mwanzo. Utapata jua lako."

Niliona haya kwa kutolifikiria mwenyewe. Bibi alihamishiwa nyumba ya jirani pamoja na kitanda na sahani zake, makuti yakashushwa, boriti zikafuata, na jua la mchana likamwagika chumbani. Sikuwahi kuyaona maua yale vile. Kila jani lilikuwa na kivuli chake, na palikuwa na mahali ambapo kisu cha babu kiliteleza naye akapageuza kuwa kikonyo. Nilipiga filamu nyingine nzima. Nilipomaliza, mjomba na watu wake wakausukuma ukuta, ukalala chini kwa mara moja.

Picha zilitoka safi kiasi kwamba mwenye duka mwenyewe alizisifu. Sikumtupia kitu. Nilipanda lori la Kilwa nikiwa na bahasha kifuani, na zile nyeusi nimezisahau mfukoni.

Bibi aliishika picha iliyo bora kuliko zote. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hapa ni wapi?"

"Chumbani kwako, bibi."

"Chumbani kwangu hakujapata kuwa na jua."

Nilimwonyesha zidaka kimoja kimoja. Nilimwonyesha lile kosa la babu. Nilizungumza sana, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukasirika na sikuwa na wa kumkasirikia. Yeye aliitikia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya watu.

"Na za mwanzo ziko wapi?"

"Zimeharibika. Hazionyeshi kitu."

"Nipe."

Nilizitoa mfukoni zikiwa zimekunjika. Alizipekua hadi akaifikia ile yenye ukingo wa kidaka kimoja gizani, akatulia nayo. Kidole chake kilipita juu ya ule weusi, mahali pasipokuwa na chochote, kikisimama hapa na pale.

"Huyu ndiye babu yako," akasema. "Nikifumbua macho alfajiri, yeye ameshatoka kwenda kazini, nilikuwa naona hivi."

Akaifunga katika pindo la kanga yake. Ile nzuri alinirudishia. Ninayo mpaka leo, na kila ua linaonekana.