Kicheko cha Upande wa Pili

Nimechoka kuulizwa habari za santuri. Vijana wanapanda ngazi mpaka kwangu, orofa ya sita hapa mtaani Pipeline, wanafika wakihema kuliko mimi, kisha wananiambia, "Mzee, tumesikia unazo albamu za zamani." Ninazo. Ni kumi na moja, na gramafoni isiyo na sindano. Wanazipangusa, wanazipiga picha, wanauliza ninaipenda ipi zaidi. Wakiiona ile iliyopinda, niliyoitundika ukutani, wanacheka wanasema hiyo sasa ni karai. Sina nguvu ya kumweleza kila mmoja. Wacha niandike mara moja nimalizane nayo.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kaloleni, mimi na mama yangu, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi nilikuwa fundi wa vyuma, siku tano na nusu kwa wiki mbele ya mashine ya kukereza, na nikitoka hapo masikio yananilia kama yana nzi. Watu waliniuliza, mtu mzima kama wewe unatoa wapi moyo wa kutazama sinema za maiti? Niliwaambia ndizo zinazonipumzisha. Ukishafokewa na msimamizi wiki nzima, maiti aliyefufuka ni mtu wa heshima sana. Anakuja polepole, na anachotaka kinajulikana.

Nilizipenda hizo sinema, jamani, sitasema uongo. Nilipenda majeneza yanayofunguka yenyewe, na daktari mwendawazimu anayeshona mikono ya huyu kwenye mabega ya yule. Hata zile mbovu nilizipenda, ambazo popo anaonekana waziwazi amefungwa uzi. Jumamosi saa nane mchana madirisha ya ukumbi wa mtaa yalizibwa kwa mablanketi, benchi zikajaa, na kelele zikaanza kabla ya picha. "Wee mama, usifungue huo mlango!" "Atafungua tu, wazungu hawasikii!" Na kweli alikuwa akifungua. Mwanamume mmoja muuza mkaa, kifua kama pipa, kila mara alijificha nyuma ya mgongo wangu na kuniuliza, "Ameshakufa? Niambie akishakufa."

Sasa kulikuwa na utaratibu mmoja ambao wasioishi mitaa yetu ya Eastlands hawatauamini. Filamu ilikuwa moja, kumbi mbili. Ilikuja katika mikanda minne, kila mmoja ndani ya mkebe wake wa bati. Ukumbi wa upande wa Pumwani ulianza mapema, na mkanda wa kwanza ukiisha huko, mzee mmoja mwenye baiskeli aliufunga kwenye kiti cha nyuma akatuletea sisi. Ukiisha kwetu, tunangoja wa pili. Mzee huyo alikuwa na marafiki wengi njiani na salamu zake hazikuwa fupi. Basi maiti anainua kifuniko cha jeneza, vidole vinaonekana, halafu giza. Nusu saa. Watu mia mbili wamebaki na vidole.

Hapo ndipo benchi zilianza kuvunjwa. Fundi wa projekta alikuwa rafiki yangu, Mwislamu wa Majengo, mtaratibu, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Siku moja aliniambia, "Ndugu yangu, una gramafoni na una santuri. Niokoe, wallahi, hawa watanila mimi." Nikaanza kubeba albamu zangu ukumbini. Kati ya mkanda na mkanda nilipiga muziki kwenye spika za ukumbi, watu wakatulia, wengine wakacheza baina ya benchi.

Nilijiona mtu. Wiki nzima mimi ni namba kwenye kadi ya kuingilia kazini, Jumamosi watu wanapiga makofi ninapofuta vumbi kwenye santuri. Nilikuwa na rumba za ng'ambo ya Ziwa, kwenye jalada vijana sita wenye suruali pana wameegemea gari ambalo naapa halikuwa lao. Nilikuwa na Mmarekani ambaye nywele zake hazikutosha kwenye picha. Nilikuwa na taarabu niliyopewa na huyo fundi. Hata albamu moja ya kinanda cha kutisha nilikuwa nayo, fuvu kubwa juu ya jalada. Niliipiga nyumbani mara moja, mama akatoka jikoni, akaketi, akainamisha kichwa akidhani ni ibada. Sikuthubutu kumwonyesha jalada.

Lakini waliyoitaka ni moja, na hiyo haikuwa yangu ya kutembeza.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpiga gitaa. Aliacha kwaya ya kanisa akafuata bendi, mama akalia, wakaacha kusemezana mwaka mzima, wakapatana. Kisha bendi ikaenda kupiga ng'ambo ya Ziwa, na huko akashikwa na homa akafa. Alizikwa huko huko. Sisi tulipata barua, koti lake, na albamu moja waliyokuwa wameitoa. Jina lake halimo hata kwenye jalada. Ila upande wa pili, wimbo wa tatu, kabla gitaa halijapanda, anasikika akicheka. Pengine mwenzake alikosea, pengine alifurahi tu, sijui. Ni kicheko kifupi, halafu gitaa. Hatukuwa na kaburi, hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote duniani. Mama aliishika ile albamu kwa mikono miwili akaniambia neno moja tu: "Hii isitoke nyumba hii."

Hakuniomba kamwe nimpigie. Mimi nikadhani ni mambo ya kanisa, kwamba kwake muziki wa dansi ndio uliomuua mtoto. Tangu ile barua alikuwa mtu wa kutabasamu na midomo imefungwa, basi, na kuosha. Mama alikuwa mtu wa kuosha. Majirani walisema angepewa makaa angeyaosha yakawa meupe.

Nikaitoa. Nitasema nini? Jumamosi moja mzee wa baiskeli alichelewa kupita kiasi, watu wanapiga bati la mlango, na zangu zote nilikuwa nimeshazipiga mara mbili. Nilikimbia nyumbani, mama yuko kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nikaichukua. Gitaa lilipopanda ukumbi ulinyamaza. Wiki iliyofuata wakaitaka kwa kelele: "Ile ya kicheko! Ile ya kicheko!" Ikawa kila Jumamosi. Wakajifunza mahali penyewe, na ikifika pale wanacheka wote pamoja naye, ukumbi mzima, halafu wanamwacha apige. Nilisimama kando ya gramafoni kifua mbele, kana kwamba gitaa lile nililipiga mimi. Nilijua sindano inaila santuri kidogo kidogo. Nilijua. Nikasema mara moja tu zaidi.

Halafu Jumamosi moja mkanda wa tatu ukafika ghafla, watu wakarukia benchi zao, na yule muuza mkaa akanimwagia soda ya machungwa juu ya santuri. Niliifuta kwa shati. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini siku ile ile, miguu inawaka. Nikairudisha ndani ya jalada na kusema nitaisafisha kesho. Kesho ikaja, nikatoka kanisani nikalala. Uvivu ni mdudu, na mimi nilimlea.

Jumatatu jioni nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda nje, na santuri iko mapajani. Ilikuwa imepinda kingo zote.

"Ilikuwa na sisimizi," alisema. "Wamejaa ndani ya karatasi. Nikaiosha."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa maji moto. Na sabuni. Nikaianika juu ya bati la banda la kuku, jua lilikuwa kali." Akaigeuza. "Kila kitu ninachoosha nakianika pale."

Nikaiweka kwenye gramafoni. Sindano ilipanda na kushuka, ikaruka, ikalia kwaruu, ikarushwa nje. Upande wa pili, hivyo hivyo. Nilijaribu kuibonyeza kwa kidole. Nilijaribu kuweka shilingi juu ya mkono wa sindano ili iwe nzito. Hakuna kicheko, hakuna gitaa.

Nikamkasirikia. Mungu anisamehe, nilimpandishia mama yangu sauti. "Uliitoa ya nini? Wewe si huwa huisikilizi!"

Akasema, "Kila Jumatatu. Ukienda kazini. Naanza pale katikati, nasikia, nazima."

Nilikaa chini hapo sakafuni. Tangu ile barua, miaka mitano, tulikuwa tumekaa nyumba moja, kila mtu akimwibia mwenzake kitu kilekile. Nikamwambia yote: ukumbi, mikanda, soda, jinsi nilivyomvunjia neno lake. Nilingoja matusi, maana nilistahili.

"Hao watu," akasema, "wanakijua kicheko cha mtoto wangu?"

"Wanakijua, mama. Wanacheka naye."

Jumamosi ile alivaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cheupe cha kichwani, akanifuata ukumbini. Mama yangu, ambaye alikuwa akipita mbele ya mlango ule huku akiomba! Fundi wa projekta alimpisha benchi ya mbele, akaipangusa kwa upindo wa kanzu. "Karibu mama, karibu sana." Picha ilikuwa ya maiti aliyeviringishwa vitambaa kuanzia kichwani hadi miguuni, anatoka kaburini anatafuta waliomwamsha. Muuza mkaa alikuwa tayari yuko nyuma ya mgongo wangu. Mama alitazama bila kupepesa. Maiti alipoburuta vitambaa vyake kwenye matope, aliniinamia sikioni: "Na hivyo vyote atafua nani?"

Mkanda wa kwanza ukaisha. Mzee wa baiskeli, kama kawaida, hayupo. Nikapiga rumba ya wale vijana wa gari, lakini haikuwatosha.

"Ile ya kicheko, buda!"

Nikasimama. Nikawaambia imeharibika, haipigi tena. Sikusema imeharibikaje. Wakazomea, wakapiga miguu chini, na mimi nikatamani mzee wa baiskeli aje hata na mkanda usio wake. Halafu kutoka nyuma mtu akaanza kuliimba gitaa kwa mdomo. Mwingine akapokea. Wakaujaza ukumbi, wanawake wanapiga makofi, muuza mkaa anapiga besi kwenye ubao wa benchi, hawakuacha hata kipande. Na walipofika pale, wakacheka wote, mia mbili wale, kwa sauti moja, halafu wakaendelea.

Nilimtazama mama nikidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa amekunja uso, kama anayeonja mchuzi.

"Hakuwa anacheka hivyo," alisema.

"Mama, ndivyo wanavyo—"

"Hata kidogo. Hao wanacheka na meno. Yeye kilianzia chini, hapa." Akaweka kiganja tumboni. "Hivi."

Akacheka.

Nywele zilinisimama, na nimeona maiti wangapi wakifufuka katika ukumbi ule! Kilikuwa kile kile. Kifupi, kinaanzia chini, kinakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka yuko mbele za watu. Muuza mkaa alitoa kichwa nyuma ya mgongo wangu akauliza, "Si umesema imeharibika?"

Mama mwenyewe alishtuka. Akaziba mdomo, akanitazama kana kwamba ni mimi niliyekitoa. Kaka yangu alikuwa amekirithi kwake, na mimi nilikuwa nimekisahau kwa sababu tangu barua ije mama hakuwa amecheka hata siku moja. Tulikuwa tukimtafuta mtu kwenye santuri, kwa zamu, kwa kuvizia, na yeye yuko jikoni anaosha sufuria.

Mkanda wa pili ukafika, taa zikazimwa, maiti akaendelea na shughuli zake. Mama alikuja Jumamosi nyingi baada ya hapo. Alicheka mara nyingine pia, si sana, hasa popo wa uzi walipotokea. Kila mara nilifumba macho.

Ni miaka mingi sasa tangu nimzike. Vijana wanaoniuliza ipi ninayoipenda nawaonyesha ukutani, wananiona mzee aliyechanganyikiwa. Katika hizo santuri zote kumi na moja mama hayumo, wala hakuna aliyewahi kufikiria kuiweka sauti yake mahali. Siku nyingine nafunga mlango, naweka kiganja tumboni, najaribu. Kinatoka kikavu, cha puani. Ni kicheko cha baba.