Njia Iliyokatikia kwa Mama

Jamani, mimi ni yule fundi mitandao anayejisifu kwamba akikaa mezani kwake Moshi mjini anajua waya ulipokatika. Nichekeni.

Juzi simu za video za mama zilikatika. Anaishi peke yake Marangu, na tangu Krismasi nilikuwa namwona kwenye kioo tu. Si mbali, na hamu ninayo, ila kila Jumamosi sikosi sababu. Nikampigia simu ya kawaida.

"Intaneti imekufa, mwanangu. Njoo uiangalie."

Sikwenda. Niliendesha traceroute, programu inayoonyesha mitambo yote ambayo mawasiliano yanapitia. Yote iliitika, mpaka ule wa kampuni ya intaneti pale Marangu. Baada ya hapo, kimya. Nikampigia fundi wao.

"Kaka, labda kifaa cha nyumbani kimezimwa," alisema kwa upole.

"Unanifundisha kazi? Twende ukaone mwenyewe!"

Tulimkuta mama amevaa kitenge cha kanisani, mtori uko tayari mezani. Tukamwamkia. Bado namsomea fundi makosa yake, mama akafunua kitambaa juu ya kabati. Kifaa kizima, waya umechomolewa, umekunjwa vizuri.

"Nimechomoa mimi," alisema. "Hiki kikiwaka unapiga simu tu. Kikizima ndiyo unakuja."

Akatoka nje, akarudi na jani la isale, lile ambalo sisi Wachagga tunaombea msamaha. Akanishikisha.

"Mpe huyu kijana wa watu. Halafu kachume lingine, uniletee mimi."