Jina la Kibaoni

Ndugu zangu, darasa la tatu sikulimaliza, lakini mtaa mzima wa Kamwokya unanijua kwa dawa za miti. Kwa hiyo Mama Njeri, Mkenya tuliyeunganisha naye maduka, aliposema kibao kiandikwe jina la mwenye dawa za aina nyingi zaidi kati yetu, nilicheka. Mchoraji nikampandisha ngazi palepale aandike langu.

Rafu ndizo zilizotugombanisha. Mimi hupanga kwa ugonjwa: kopo la homa, la tumbo, la upele. Yeye hupanga kwa mti. Nikamwambia, "Basi mama, bandika jina la mti kwenye kila kopo langu. Afande huyu mteja wetu awe shahidi."

Akafungua kopo la homa, akaonja. "Mwarobaini." La tumbo. "Mwarobaini." La upele. "Mwarobaini." Kila mwanamke aliyeniuzia unga wa dawa aliniapia kwamba mti wake hauna wa pili!

Ikawa hivyo kopo kwa kopo, na alipogusa la tisa, la mwisho, afande akamuwahi: "Mwarobaini!" Duka zima likaangua kicheko, nami nikiwemo.

"Ssebo, bwana wangu," mchoraji akaita kutoka juu ya ngazi, "nimefika nusu ya jina lako. Niendelee?"