Mifuko Mia Sita na Swali la Fundi Mroivili

Saa mbili asubuhi jua la Mahajanga, pwani ya Madagaska, limeshakuwa kali, na Rabiata Youssouf analitaka hivyohivyo. Ameinama juu ya sufuria pana uani kwake, mtaa wa Tsaramandroso, anakoroga wanga wa mhogo, maji, siki kidogo na gliserini. Uji mweupe unaanza kuvuta, kisha unang'aa kama gundi. Hapo anauepua na kuumimina juu ya vioo vya madirisha makuukuu, akiutandaza kwa ubao mpaka uwe mwembamba kama ganda la kitunguu.

Kesho jioni utabanduka. Ataukata, ataukunja, atauziba kingo kwa pasi ya mkaa, na utakuwa mfuko.

"Ukiuharakisha unapasuka," anasema bila kuinua macho. "Ukiuchelewesha unang'ang'ania kioo, hata kisu hakiutoi. Una tabia za mkwe wangu."

Rabiata ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa mjini hapa katika familia yenye asili ya Komoro. Mwanzoni mwa mwaka 1977, baada ya machafuko yaliyowakumba Wakomoro wa Mahajanga, wenzao wengi walirudishwa visiwani. Mama yake, mjane mwenye watoto wawili, alikimbilia kwa shangazi yake kisiwani Nosy Be. Huko Rabiata alikulia, mama akikamua mafuta ya nazi na kuyauza kwa mtengeneza sabuni. Alirudi Mahajanga mwaka 1994, alipoolewa.

Kwa miaka mingi aliuza visheti na karanga, akivifunga kwenye mifuko myembamba ya plastiki. Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo katikati ya miaka ya 2010, chama cha akina mama kilileta mafunzo ya wiki mbili ya kutengeneza mifuko inayooza. Wanafunzi walikuwa ishirini. Aliyeendelea ni yeye peke yake.

Mfuko mmoja huuuza kwa ariari mia mbili, fedha ya Madagaska. Mwezi mzuri humpa elfu themanini. Masika, jua linapojificha, hata nusu yake haipati. Tena hamfichi mteja udhaifu wa bidhaa. Mfuko wake haubebi kitu chenye majimaji. Ukifukiwa kwenye samadi ya kuku, miezi miwili haubaki hata uzi. Lakini aliwahi kuufukia mmoja kwenye mchanga mkavu, akaukuta baada ya kiangazi kizima ukiwa vilevile.

"Mtu asikudanganye kwamba unautupa popote, unapotea," anasema. "Unataka unyevu, joto na wadudu. Ukiutupa njiani ni taka kama taka nyingine."

Miaka miwili iliyopita kamati ya Maulidi ya mtaa ilimwagiza mifuko mia sita. Ni desturi yao kwamba mgeni haondoki mikono mitupu: hupewa tende, visheti na kipande cha mkate wa sinia apeleke nyumbani. Hakuwahi kupata oda kubwa hivyo. Alifanya kazi wiki saba, akaipanga mifuko kwenye makapu na kuipeleka mwenyewe kikaoni.

Fundi Mroivili, kama Wakomoro wanavyomwita mwalimu wa dini, aliuchukua mfuko mmoja, akaukunja na kuukunjua, akaunusa. Aliusifu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza tu, huo ulaini unatokana na nini. Rabiata akamwambia ni gliserini. Fundi akauliza gliserini yenyewe hutengenezwa kwa kitu gani.

Gliserini yaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea, na yaweza kutoka kwenye mafuta ya wanyama, nguruwe akiwamo. Dumu lake lilikuwa limeandikwa jina na uzito, basi.

"Ningeweza kusema ya mimea, na yakaisha," anakumbuka. "Nani angenipinga? Nikasema, Fundi, sijui."

Chamsia, kiongozi wa wapishi na rafiki yake wa siku nyingi, akamgeukia, nusu mzaha, nusu hasira.

"Kumbe miaka yote hii unatulisha usichokijua, mwenzetu?"

Kauli hiyo ilimchoma kuliko kurudishiwa makapu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemzika mama yake, na katika hitima ya arobaini wageni wote walipewa visheti ndani ya mifuko hiyohiyo. Fundi alimfuata mpaka nyumbani kumwambia kwamba asiyejua hana dhambi. Rabiata alimshukuru, lakini usingizi haukuja.

Mwenye duka aliyemuuzia dumu alimwambia yeye anauza tu, hatengenezi. Maulidi yakasomwa, tende zikagawiwa kwenye plastiki ya magendo, na wiki nzima mifuko hiyo ikaning'inia kwenye ua wa msikiti. Mia sita yake ikalala uvunguni.

Siku moja, akifua nguo, alikumbuka maji ya chumvi yaliyobaki chini ya sabuni ya nazi kule Nosy Be, yale waliyokuwa wakiyamwaga shimoni. Aliambiwa kwenye mafunzo kwamba gliserini huzaliwa pamoja na sabuni. Akasafiri siku mbili, kwa gari na boti, mpaka kwa mzee Chaïbou, aliyerithi kazi ya sabuni kwa baba yake, yule aliyekuwa akinunua mafuta ya mama.

Chaïbou alicheka mpaka akakaa chini. "Umetoka Mahajanga kuja kuniomba maji machafu?" Lakini alimjazia madumu mawili.

Miezi minane alichemsha, akachuja, akapunguza ukali kwa siki, akatoa chumvi, akachemsha tena. Mifuko ya kwanza ilitoka jasho. Ya pili ilivunjika kama papadi. Ya kumi na moja ilikunjika. Haipendezi kama ile ya zamani. Ina rangi ya chai na harufu ya nazi kwa mbali.

Mwezi uliopita aliwaita Fundi na Chamsia. Hakuwapa mfuko kwanza. Aliwaonyesha nazi, mafuta, sabuni, yale maji, kisha sufuria. Fundi aliuliza maswali mengi na safari hii kila swali lilipata jibu. Chamsia alitia kisheti ndani ya mfuko, akaufunga, akautikisa, akaufungua na kukila palepale.

Kamati haijaamua, na Rabiata hawasukumi. Ana mifuko themanini tayari, na kabla ya kuiuza ana shughuli yake.

"Nataka kumsomea mama hitima nyingine," anasema, akipangusa kioo kwa kitambaa. "Nitawaita walewale wa mwanzo, wote. Nitawapa visheti, na kabla hawajafungua nitawaambia mfuko wenyewe umetoka wapi."