Swali Nililomjazia Mama

Nilimfukuza msaidizi wangu wa utafiti kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalifanya, tena kwa mama yangu mzazi. Na wakati namfukuza, wala sikukumbuka.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Iringa. Utafiti wangu unahusu wajawazito wa vijiji vya Kilolo, kwa nini wanachelewa kufika hospitali. Huyo dada msaidizi nilimkuta kaketi barazani kwa watu, anawajazia wanawake wawili majibu kwenye fomu bila kuwauliza. Nikamuuliza, ndio nini hiki? Akasema, "Dada, yale maswali ya watoto waliofariki yananitia aibu. Wale ni sawa na mama zangu." Weee! Nilimjia juu mpaka kuku wakakimbia uani. Nikamwambia kwenye utafiti hakuna aibu, achukue begi lake aende. Akaondoka analia, nami nikajiona mtafiti kwelikweli.

Sasa sikia. Miezi michache kabla ya hapo nilikwenda likizo nyumbani, Tukuyu kule Mbeya, nikaifanyia fomu yangu majaribio kwa mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, mimi nimekaa kwenye kigoda na kalamu yangu. Nikauliza umri, nikauliza elimu. Umezaa watoto wangapi? "Si mnajijua?" akasema, akacheka. Nikaandika wanne. Swali lililofuata lilikuwa: umewahi kupoteza mtoto wakati wa kujifungua, au muda mfupi baadaye? Nikalitazama, na mdomo ukawa mzito. Kwetu mambo ya uzazi humuulizi mama yako. Utayasikia kwa shangazi au bibi, siku wakipenda wao. Halafu si mimi ndiye kifungua mimba? Lipi la nyumba ile nisilolijua? Nikatia tiki kwenye "Hapana", nikarukia swali la maji ya kunywa. Hiyo ndiyo fomu namba moja.

Na kule kuwa kifungua mimba nilikuwa nakuringia, sifichi. Wadogo zangu watatu nimewaburuza nitakavyo. Majirani wote wanamwita mama kwa jina langu, Mama Fulani. Isipokuwa mabibi wawili wa ukoo, ambao kila wakija walimwita Mama wa jina jingine kabisa, jina la kike. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nanuna. Baba akaniambia niwaache, wazee wamezoea hivyo.

Mwezi wa saba chuo kikaandaa matembezi ya hisani, kuchangia ujenzi wa nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao karibu na kituo cha afya. Tungetembea kutoka Kalenga hadi Iringa mjini, ili na sisi tuonje mwendo anaoupiga mama wa kijijini. Nilikuwa kwenye kamati, basi nikamwambia mama kwa simu, kwa kujisifu tu. Siku mbili baadaye kashuka stendi na mkungu wa ndizi. Amekuja kutembea.

"Mama, utapanda gari la kubeba maji ya watembeaji," nikamwambia.

"Nani? Mimi?" Akavaa fulana ya njano juu ya gauni, akajifunga kanga kiunoni, akawa wa kwanza kufika kwenye mstari.

Baridi ya asubuhi ile ilikuwa inakata masikio, lakini watu walichangamka. Pikapu yenye spika ilitangulia, wanafunzi wanacheza, wanapiga picha, na mimi mbele na filimbi yangu najifanya jemadari. Tulipokaribia katikati ya safari, mshereheshaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Jamani! Hapa mama ana uchungu, na hata nusu hajamaliza! Vigelegele kwa akina mama!" Vikapigwa vigelegele na makofi. Nikageuka kumtafuta wangu. Hayupo.

Nilimkuta nyuma, amekaa kwenye majani pembeni ya barabara, kanyoosha miguu, mkono mmoja umeshika ardhi. Na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Si nilikwambia, mama! Si nilikwambia upande gari?"

"Sijachoka, mwanangu," akasema. "Hata siku ile nilikaa hivihivi."

"Ulikaa lini?"

"Masika. Niko na bibi yako mzaa baba, tunakwenda hospitali kwa miguu. Njia ilikuwa tope tupu. Hatukufika, nikakaa chini, akazaliwa palepale. Mtoto wa kike. Akalia mara mbili. Bibi yako akamfunga kwenye kanga, tukaendelea kutembea. Tulipofika alikuwa ameshapoa."

Filimbi nilikuwa bado nimeishika, sijui kwa nini sikuiachia. Kule mbele muziki ulikuwa unaendelea kama kawaida. Na katika yote ambayo binti mwenye akili angeweza kumwambia mama yake pale, mimi nikasema, "Lakini mama, wa kwanza si mimi?"

Akanitazama kwa huruma kabisa, kana kwamba mfiwa ni mimi.

"Wewe ni wa kwanza kukua," akasema. Akakung'uta kanga. "Niinue, wenzetu wanatuacha."

Tulimaliza matembezi. Sikumbuki kilima cha kupandia mjini, sikumbuki hotuba ya mgeni rasmi. Nakumbuka nilimkumbuka yule dada na begi lake, nikatamani barabara inimeze. Kesho yake nilimpigia simu kumwomba radhi, na hakupokea.

Alasiri ya siku ile ya matembezi, chumbani kwangu, mama alitia miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi. Nikatoa faili, nikatafuta fomu namba moja. Nikakaa sakafuni mbele yake, nikamsomea swali lile lote, neno kwa neno, kama nilivyowafundisha wengine.

"Ndiyo," akajibu.

Nikaifuta "Hapana". "Wangapi?"

"Mmoja."

"Alizaliwa akiwa hai?"

"Nimekwambia alilia mara mbili. Andika."

Nikaandika. Mama akainama, akaichungulia karatasi, akaifuatisha kwa kidole kutoka juu mpaka chini, polepole, kama msomaji wa madarasa machache alivyo.

"Sasa jina lake unaliandika wapi?"

Fomu ile niliitunga mwenyewe. Ilipitiwa na msimamizi wangu, ikapitiwa na kamati, ikasifiwa. Mahali pa jina la mtoto hapakuwepo. Nikaigeuza karatasi upande wa pili, na kabla mama hajafungua mdomo kunitajia, nikaliandika lile jina walilomwitia wale mabibi wawili.